Alhamisi za Baba

12 Januari

Dada yangu mkubwa,

Kwa unyenyekevu mkubwa, na baada ya mashauriano marefu na kioo cha bafuni, natangaza rasmi kwamba masharubu yangu hayapo tena. Yaliota mwishoni mwa mwaka, yakastawi kwa muda bila msaada wa mtu, na Jumapili iliyopita yakatutoka kwa ajali ya wembe. Usilete rambirambi. Mdomo wa juu unahisi baridi, lakini nimeuambia uzoee.

Sisi wazima. Magoti ya Mama yanamsumbua asubuhi na kumsamehe mchana. Kibanda anakifungua mwenyewe kila siku: nyuzi, vifungo, zipu, mafuta ya cherehani. Cherehani mbili za mwisho alizopewa Baba azitengeneze bado ziko nyuma ya kaunta, na shingoni zina vile vikaratasi vyake: Alhamisi. Unakumbuka. Mteja akiuliza, "Fundi, itakuwa tayari lini?" jibu lilikuwa moja maisha yote: "Njoo Alhamisi." Hakuna aliyeuliza Alhamisi ipi, na yeye hakusema.

Sasa jambo lenyewe, na ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu Mama hukaa begani kwangu kama kasuku. Ofisi ya jengo imeleta taarifa. Mkataba wa kibanda uko kwa jina la Baba. Watauhamishia kwa Mama akileta hati ya kuonyesha kwamba Baba hadaiwi kodi ya mapato, kabla ya katikati ya mwezi wa sita. Bila hati, kibanda anapewa jirani, yule muuza makava ya simu. Tunamwita Bwana Futi, kwa sababu haachi kutembea na futi yake mfukoni. Tangu mazishi ameshaupima ukuta wetu mara nyingi hata ukuta wenyewe umeanza kumzoea.

Usijali. Nitalishughulikia. Baba naye ameshapumzika na mambo ya kodi, sidhani kama kuna kazi kubwa.

Mdogo wako


2 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Poleni na msiba wa masharubu. Kwa picha uliyonituma mwezi wa kumi na mbili, naona marehemu alikuwa hajapata hata uzito wa kuitwa jina. Mimi mzima. Duka la dawa ninalofanyia kazi huku ughaibuni limejaa watu wanaokohoa, nami nasimama kutwa nawahesabia vidonge watu wasiotaka kunijibu salamu. Mwambie Mama dawa ya magoti niliyotuma inywewe baada ya chakula, si badala ya chakula.

Sasa nisikilize. Baba hajapumzika na kodi. Anayefariki katikati ya mwaka bado ana ritani moja ya kupelekwa, yaani taarifa ya mapato yake, ya kuanzia Januari hadi siku aliyofariki, na anayeipeleka ni aliyebaki. Aliyebaki ni wewe. Tarehe ya mwisho ni ile ile ya watu wote, 31 Mei. Hawasogezi kwa sababu mtu amefiwa.

Ukiona hutawahi, unaweza kuomba nyongeza ya muda. Lakini inaombwa kabla ya tarehe, si baada. Na nyongeza ni ya kupeleka karatasi tu. Kama kuna chochote anachodaiwa, kinalipwa kwa tarehe ile ile. Watu wengi wanakwama hapo. Soma tena sentensi hiyo, nakujua.

Anza sasa. Mama akikosa kibanda atakaa wapi kutwa? Sebuleni, akikuangalia wewe?

Dada yako


27 Februari

Dada,

Barua imefika, nimeisoma, na ile sentensi nimeisoma mara ya pili kama ulivyoamuru. Kusema kweli mimi nilidhani nyongeza ya muda inaombwa baada ya kuchelewa, kama msamaha. Unajua mimi kodi yangu hukatwa na chuo cha udereva kabla hata sijauona mshahara. Sijawahi kupeleka ritani maishani. Nawafundisha watu kufunga breki kabla ya mstari, mstari wangu mwenyewe siujui ulipo. Jana mwanafunzi mmoja, mwalimu mstaafu wa dini, alisimamisha gari katikati ya mzunguko wa barabara akamshukuru Mungu. Nikamwambia, mzee, shukrani zinatolewa ukishatoka.

Lakini mwezi wa tano, dada? Huko ni mbali. Haraka haraka haina baraka. Na Baba mwenyewe, umesahau? Alikuwa mtu wa siku ya mwisho. Kila mwaka, tarehe 31, anavaa lile koti lake la kahawia, anakwenda ofisini kusimama kwenye foleni, wakati angeweza kutuma kwa simu akiwa kitandani. Nilimwambia siku moja, "Baba, simu inatuma." Akanijibu, "Simu haina watu." Alikuwa na marafiki wa foleni, wateja wake na wengine aliokutana nao hapo kila mwaka, wote wavivu kama yeye. Kwa hiyo naendeleza mila ya ukoo.

Hata hivyo sijakaa bure. Nimeingia kwenye ukurasa wake wa kodi. Neno la siri ni alhamisi, usicheke. Nilichungulia kidogo nikafunga.

Mama anakusalimu. Anauliza tena kama huko kazini hawana likizo ya msiba. Nimemwambia sijui.

Mdogo wako


16 Machi

Mdogo wangu,

Haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zipo za kutosha kila upande, hazitajaza ritani.

"Nilichungulia nikafunga." Kwa nini ulifunga? Kuna ugumu gani? Mapato ya Baba yako kwenye vitabu vyake vya risiti, Mama anavyo kwenye kopo la vifungo. Gharama zake ni sindano, mafuta, vipuri na pango la kibanda. Kujumlisha na kutoa. Hata wewe unaweza, na nasema hivyo kwa upendo.

Kuhusu likizo ya msiba, nilishasema: ni kazi. Kazi haikuniruhusu kuja kuzika. Mwambie Mama hivyo hivyo na tusilirudie.

Huku baridi imegoma kuondoka. Mpangaji mwenzangu amenunua cherehani, imekwama wiki ya kwanza. Nimeifungua. Ilikuwa ni uzi tu umejizungusha kwenye bobini, kama Baba alivyokuwa akisema: asilimia kubwa ya maradhi ni uzi. Nimeitengeneza, nikakaa nayo tu mbele yangu nisijue la kufanya.

Bwana Futi asiingie ndani ya kibanda. Apimie nje.

Dada yako


9 Aprili

Dada mpendwa,

Tayari! Nimejaza, nimejumlisha, nimetoa, nimebonyeza, imekwenda. Sasa pumua, na unipumzishe nami.

Habari nyingine. Feni ya kibanda imekufa na ikafufuka. Mama aliipiga kofi moja upande wa nyuma, jinsi alivyokuwa akikupiga wewe ulipokataa kuoga, na ikazunguka. Mwalimu wa dini amefaulu mtihani wa udereva. Mtahini alishuka garini amelowa jasho lakini akatia sahihi. Jikoni bomba linadondoka, nimelifunga kitambaa, sasa kitambaa ndicho kinachodondoka. Bwana Futi alileta ngazi akapima hadi dari. Mama akamuuliza, "Jirani, unanishonea nguo au jeneza?" Tangu siku hiyo anapita akiangalia simu.

Kama unavyoona, kila kitu kiko sawa huku.

Mdogo wako


25 Aprili

Wewe,

Umeandika mstari mmoja juu ya kodi na aya nzima juu ya feni. Nimekulea, usinifanye mgeni.

Nilipiga simu ofisi yenu ya kodi, nikasubiri na muziki wao mbaya mpaka mtu akapokea. Ritani ya marehemu haiendi kwa kubonyeza. Unajaza, kisha unapeleka cheti cha kifo dirishani na wao ndio wanaikamilisha. Kwa hiyo haikwenda. Hujabonyeza chochote.

Siulizi kwa nini umenidanganya. Nauliza utakwenda lini.

Dada yako


10 Mei

Mdogo wangu,

Najua barua yangu huenda iko njiani, lakini hata simu hujibu. Kimya kingi kina mshindo, na mimi nimekaa huku nausikiliza. Simu yako inapokelewa na Mama, nami namwambia nauliza hali tu, naye ananieleza habari za magoti, na tunaagana.

Basi ngoja nikwambie kitu ambacho hukijui, labda kitakusukuma pale ambapo maneno yangu yameshindwa.

Haikuwa kazi.

Mwaka jana mimi mwenyewe nilipitwa na tarehe ya kodi ya huku. Nilikuwa na karatasi zote mezani, zimepangwa. Nilikuwa nimechoka tu. Nilijiambia, nikiwa nimesimama jikoni, kwa sauti, kwa Kiswahili: nitapeleka Alhamisi. Alhamisi ikapita, na nyingine. Niliomba nyongeza ya muda tarehe ilipokwisha kupita, wakakataa. Hiyo sentensi niliyokulazimisha uisome mara mbili, mimi niliisomea hapo.

Kibali changu cha kukaa huku kilikuwa kinahitaji kuongezwa, na hawakiongezi bila hati ya kodi. Uliponipigia mwezi wa kumi kuniambia Baba ametutoka, pasi yangu na karatasi zangu zilikuwa kwenye droo ya ofisi yao, zinasubiri. Ningetoka, nisingeruhusiwa kurudi. Nilivaa viatu. Nilikaa kitandani na viatu mpaka nikasikia mpangaji mwenzangu anarudi kutoka kazini.

Sikumzika baba yangu kwa sababu ya tarehe. Sasa kibanda chake kinataka kwenda kwa sababu ya tarehe, na mimi niko huku naandika barua. Hiki ndicho kitu pekee chake ninachoweza kukishika nikiwa mbali, na mkono wa kukishikia ni wako.

Usimwambie Mama. Nitamwambia mwenyewe.

Kibali kimeshatoka, ndiyo. Tangu wiki iliyopita. Lakini sitaki kuja kukuta kuna makava ya simu pale.

Dada yako


8 Juni

Dada yangu,

Sisi wazima, Mama mzima, magoti yana nafuu. Leo sitakuzungusha na feni.

Barua yako ilinifikia Jumanne, tarehe 28. Niliisoma ndani ya gari la mafunzo huku mwanafunzi anajifunza kurudi nyuma. Aliniuliza, "Mwalimu, niendelee?" Nikasema endelea. Akagonga nguzo. Kosa ni langu, na nimeshawaambia chuoni.

Sasa nakueleza ilivyokuwa, yote.

Hesabu nilizimaliza mwezi wa tatu. Ulisema kweli, ni kujumlisha na kutoa. Lakini kila ukiingia kwenye ule ukurasa, kabla ya jambo lolote, juu kabisa yanatokea maneno: Karibu tena, Fundi. Baba alipojiandikisha waliuliza angependa kuitwaje, naye akaandika hivyo. Dada, hakuna mahali pengine palipobaki panapomkaribisha. Mchana, wanafunzi wakienda kula, mimi nilikuwa nakaa garini, naandika alhamisi, nasoma yale maneno, nafunga. Nilipofika chini kuna swali: Hali ya mlipakodi. Visanduku viwili, Anaendelea na Amefariki. Na maandishi madogo kwamba ukichagua cha pili, akaunti itafungwa. Nimefika kwenye hicho kisanduku mara nyingi kuliko nilivyofika kazini kwa wakati. Kila mara muda wa chakula uliisha nikiwa nimesimama hapo, kama yule mwalimu wa dini akimshukuru Mungu katikati ya mzunguko.

Na masharubu hayakufa kwa ajali. Asubuhi moja niko jikoni nimeinama kwenye jiko, Mama akaingia nyuma yangu na kusema, "Leo umewahi kuamka," kwa ile sauti ya kumsemeshea Baba. Nikageuka, na masharubu kama ya Baba. Alibaki ameshika mlango. Halafu akasema, "Kanyoe." Nikaenda kuchukua wembe.

Ijumaa tarehe 31 sikumwambia mtu ninakokwenda. Nilipotoka chumbani, koti la kahawia lilikuwa limening'inizwa mlangoni, limepigwa pasi. Mama yuko kwenye sinki amenipa mgongo. Akasema, "Mikono mirefu kwako. Kunja." Nikakunja.

Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango mpaka kwenye kituo cha magari. Wale wa siku ya mwisho. Nikaanza kutafuta mkia wake, nikasikia, "We kijana!" Kijana mimi, na kipara hiki. Mama mmoja mnene wa kushona mapazia, amekaa kwenye kiti alichokuja nacho kutoka kwake. "Hilo koti nalijua. Wewe ni wa Fundi. Kama ungekuwa na masharubu ningekusalimia kwa makosa. Mwenyewe yuko wapi? Nimemshikia nafasi yake tangu asubuhi, huyu mzee hapa nyuma ananisukuma."

"Sisukumi," akasema mzee aliyekuwa nyuma, amevaa kofia ya mkeka. "Nauliza tu kama Fundi anakuja au haji. Ana mashine ya mke wangu tangu foleni ya mwaka jana."

Dada, msiba tulitangaza, watu walikuja, nimepokea pole za kutosha maisha yote. Lakini hao hawakuwa na habari, na walikuwa wanamsubiri. Nikasema, "Haji. Alifariki mwezi wa kumi." Ni mara ya kwanza nilijisikia nikilisema neno hilo mimi mwenyewe. Siku zote nilikuwa naachia wengine walitamke.

Mzee akavua kofia. Nikasikia maneno yanapita kwenda mbele na kurudi nyuma kwenye mstari, Fundi, Fundi wa cherehani, lini, mwezi wa kumi. Mama wa mapazia akasogeza kiti chake nyuma kidogo, akapiga piga ule uwazi mbele yake kama mtu anayetandika. "Basi ingia wewe," akasema. "Nafasi ni yenu."

Dirishani kulikuwa na karani msichana, mwepesi wa mkono. Akapokea cheti cha kifo, akakagua hesabu, akanigeuzia kompyuta. "Hapa lazima uweke alama mwenyewe." Juu imeandikwa Karibu tena, Fundi. Nikaweka alama. Ikauliza: Una uhakika? Hata mashine zina maswali yake. Nikabonyeza ndiyo. Ikaandika: Asante. Akaunti hii imefungwa. Ule mstari wa juu ukaondoka.

Kidogo alichokuwa anadaiwa Baba nilikilipa dirisha la pili siku hiyo hiyo. Nilikumbuka ile sentensi. Nikarudi kumuuliza karani hati itakuwa tayari lini.

Akasema, bila kuinua uso, "Njoo Alhamisi."

Nyuma yangu mama wa mapazia akapaza sauti mpaka ukumbi ukageuka: "Muulize Alhamisi ipi!"

Foleni yote ikacheka. Wote, dada. Hakuna hata mmoja pale ambaye hakuwahi kuirudia cherehani yake Alhamisi isiyokuwepo. Karani alikasirika. "Inayokuja, tarehe sita! Kwani kuna nyingine?" Mimi nilishika kaunta nikacheka, nikacheka, mpaka ikawa si kicheko tena, na mama wa mapazia akanishika kola ya koti kwa nyuma, kama mtu anavyomshika mtoto kando ya barabara, hakuniachia hadi nilipotulia.

Alhamisi Mama alikwenda mwenyewe. Hati ilikuwa tayari. Baba asingeamini. Jana ofisi ya jengo iligonga mhuri, na mkataba umeandikwa jina la Mama. Bwana Futi alikuja akanunua kifungo kimoja, nadhani kwa aibu. Mama akampunguzia bei. Katika zile cherehani mbili, moja ni ya mke wa yule mzee wa kofia, nimeitengeneza na kumpelekea. Ilikuwa ni uzi tu. Ya pili haina jina, ina kikaratasi tu, tumeiacha palepale.

Barua yako sijamwonyesha Mama. Ila nakwambia mimi: hukukosa mazishi kwa kutokujali. Ulichelewa kwa sababu wewe ni binti wa yule mtu, na mimi nilikuwa nakaribia kuchelewa kwa sababu hiyo hiyo. Angekuwepo angekucheka kwanza, ndipo akusamehe.

Kibali unacho. Kibanda kipo. Mama ameshaanza kuuliza siku ya kuja kwako, na ameniambia nikuandikie hivi, kwa maneno yake: ukisema Alhamisi, sema ipi.

Mdogo wako